Kaza Nyuma

Sehemu ya kumi na nne

"Hiyo bolti hujaikaza."

Hapo ndipo tulipomwacha Dada Fundi, msomaji: yuko ndani ya shimo la gereji, kichwani pake limesimama gari jekundu la Glavu, mkononi ana spana ambayo hajaitumia, na sauti ya mwanamke inamjia kutoka ukingoni. Kama wiki nzima umekosa usingizi ukijiuliza sauti ile ni ya nani, leo lala. Ilikuwa sauti ya wifi yake.

Ndiyo, wifi yule yule. Aliyekuwa mke wa kaka yake Dada Fundi (naye kaka fundi na dereva wa mbio), aliyelia kaburini mpaka akashikiliwa na watu, kisha machozi hayajakauka vizuri akaolewa na Glavu. Na Glavu, kwa anayetusoma leo kwa mara ya kwanza, ndiye aliyekuwa fundi wa kaka siku ile gari lilipoacha barabara kwenye mbio za mlimani na kaka asirudi. Sasa Glavu ndiye anayeendesha. Ndiye bingwa. Kiti cha marehemu amekikalia, na mke wa marehemu amemchukua.

Asubuhi hiyo alikuwa amelileta gari lake mwenyewe, kwa mkono wake, libadilishwe shokapu. Gari dogo la milango mitatu, umbo la kiatu na hasira ya lori. Shokapu za zamani, zinazotakiwa kumeza mishtuko ya barabara, zilikuwa zimechoka, zinavuja mafuta, kila akifunga breki pua ya gari inainama kama inataka kusujudu. Mpya zilikuwa za kisasa, zina kifundo kidogo cha kuzungusha unapotaka kuzifanya ngumu au laini. Hakuna mkono mwingine mjini unaoziweza kama wa Dada Fundi, na Glavu alilijua hilo. Alijua pia kwamba anachukiwa. Lakini mtu akishaponea kwenye kamati ya mashindano na kuitwa bingwa, anaanza kuamini kwamba hata chuki za watu zinamfanyia kazi.

"Wifi, nasema na wewe," sauti ilirudia. "Hiyo bolti hujaikaza."

"Naikaza gari likishakanyaga chini," alijibu Dada Fundi bila kugeuka.

Jibu lilikuwa zuri, kwa sababu lilikuwa la kweli. Bolti ya chini ya shokapu inapita katikati ya mpira. Ukiikaza gari likiwa limening'inia kwenye jeki, mpira unakazwa ukiwa umejikunja, unabaki hivyo hivyo, na siku si nyingi unapasuka. Kwa hiyo fundi mwenye akili huiacha imeshikiliwa na nguvu ya vidole tu, anashusha gari, anaingia shimoni, ndipo anakaza. Kila gereji inajua. Hata polisi wangekuja kuuliza, wangejibiwa hivyo na mafundi wa mji mzima: maskini, alisahau kurudi.

"Mbona limeshakanyaga," alisema wifi. "Magurudumu yote nayaona yako chini."

Dada Fundi alifunga macho.

"Umeanza lini kujua mambo ya bolti?"

"Tangu niolewe na mafundi wawili."

Dada Fundi alipanda ngazi, akatokeza kichwa, akamtazama mwanamke ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akipishana naye sokoni bila salamu. Wifi alikuwa amevaa nguo za mbio, zipu mpaka shingoni, helmeti kwapani.

"Na hayo mavazi?"

"Msoma kona wake anaumwa. Leo nitamsomea mimi. Nakaa kiti cha pembeni."

Sasa ngoja tuseme ukweli, maana gazeti hili halimpambi mtu. Kwa nukta moja Dada Fundi hakujali. Aliwaona wote wawili ndani ya kiatu kile chekundu, kona ya tatu, mkia unatoka, na moyo wake ukasema: na iwe hivyo. Ukasema waziwazi. Kisha nukta ikapita, akaingiza mikono mfukoni mwa ovaroli.

"Nenda ukakae ofisini," alisema. "Namalizia."

Wifi hakwenda. Aliketi kwenye tairi kuukuu ukingoni mwa shimo.

"Kama umeiacha makusudi, iache," alisema.

"Umesema?"

"Iache ilivyo. Sitamwambia. Mimi nastahili, wifi. Kaka yako nilimuua mimi."

Dada Fundi alikuwa na matusi aliyoyatunza miaka mitatu kwa ajili ya siku atakayokaa ana kwa ana na mwanamke huyu. Aliyatafuta yote, hakuona hata moja.

"Hebu eleza."

"Kabla ya mzunguko wa mwisho alinishushia kioo. Akaniambia, mkimbilie fundi, mwambie akaze nyuma. Nikakimbia, nikasema vile vile: amesema ukaze nyuma. Basi. Mimi nilijua nini? Glavu akaenda kuzungusha vifundo vya shokapu, akazifanya ngumu kabisa. Kumbe kaka yako alikuwa anataka bolti, ilikuwa imelegea, inagonga. Gari likaondoka na bolti iliyolegea na mkia mgumu kama ubao. Ningesema neno moja tu zaidi, ningesema bolti, leo angekuwa anakula kwangu."

"Nani amekwambia kwamba kosa ni la neno lako?"

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Nimeuliza nani."

Wifi alitazama helmeti yake. "Mume wangu. Kila tukigombana ananiambia. Hata tusipogombana. Alisema amenioa ili anifiche, maana wewe na ndugu zako mngenijua mngenimaliza."

Kilichomjaa Dada Fundi hakikuwa huruma peke yake. Ilikuwa hasira, tena hasira iliyopata shabaha mpya. Kumbe huyu mtu hakumchukua mjane. Alimteka. Alimbebesha maiti, akamwoa, akamfanya amshukuru.

Maana kulikuwa na jambo ambalo wifi hakulijua, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa sababu ukoo mzima ulikuwa umemnunia. Gereji ile aliianzisha baba yao Dada Fundi, na Glavu alilelewa humo tangu hajaota ndevu. Marehemu mzee alikuwa mkali wa maneno kuliko mwalimu wa shule. Kwake yeye, kukaza ni bolti na nati. Basi. Shokapu haikazwi: shokapu inaongezwa au inapunguzwa. Aliyechanganya alipewa ufagio, akafagia gereji mpaka akili imrudi. Glavu alifagia mara nyingi. Hawezi kusahau.

Glavu alipojitetea mbele ya kamati kwamba aliambiwa akaze nyuma akadhani ni shokapu, Dada Fundi aliyasema hayo yote kwa machozi. Wakubwa wa kamati walikuna videvu, wakasema gereji nyingine kukaza ni yote mawili, fundi hakuelewa, ajali ni ajali. Wakafunga mjadala. Na kwa sababu siku hiyo wifi alikuwa kitandani hospitalini kwa presha, habari ile hakuisikia.

Angeweza kumwambia sasa hivi. Lakini mwanamke aliyeimbiwa wimbo mmoja miaka mitatu hawezi kuamini wimbo wa pili kwa kuambiwa. Ilibidi ausikie kwa mwimbaji mwenyewe.

"Wifi," alisema, "simama pale nyuma ya mlango. Akija, usikohoe, usipumue. Sikiliza tu."

"Na bolti?"

"Bolti nimeiacha makusudi," alisema Dada Fundi. "Sasa kwa sababu nyingine."

Glavu aliingia akipiga mluzi. Jina lile hakupewa bure: mtu huyu alivaa glavu za ngozi akiendesha, akinywa chai, na wambea wanasema hata akioga.

"Dada, mtoto wangu yuko tayari?"

"Yuko tayari. Mzungushe kwanza hapo uwanjani. Taratibu, mpira bado mpya."

"Taratibu ni neno la abiria," alisema Glavu, akaingia, akawasha.

Uwanja wa gereji ulikuwa na mashimo yake, na Dada Fundi aliyajua yote. Alisimama amekunja mikono akisikiliza. Gari lilipita shimo la kwanza vizuri, likatua kama paka. Shokapu mpya zilikuwa zinafanya kazi yake na hata yeye, pamoja na chuki yake, alijisikia fahari kidogo. Shimo la pili, kimya. La tatu, gurudumu la nyuma kushoto likashuka, na ikasikika: ngo.

Glavu alikuwa mshenzi, lakini masikio alikuwa nayo. Alirudisha gari pale pale juu ya shimo la gereji, akashusha kioo.

"Inagonga huko nyuma, kushoto. Kaza nyuma."

Yale yale maneno mawili. Nyuma ya mlango hakuna aliyepumua.

Dada Fundi alikwenda nyuma ya gari polepole, akafungua mlango wa mizigo, akapeleka mkono kwenye kifundo cha shokapu. Akakizungusha. Kikalia tik, tik, tik.

"Unafanya nini wewe?" Glavu alitoa kichwa dirishani.

"Umesema nikaze nyuma. Nakaza."

"Nimesema kaza. Bolti. Nimekwambia inagonga, unanizungushia kifundo? Unataka nikaning'inie mtini huko mlimani?"

"Labda sikuelewa. Gereji nyingine kukaza ni yote mawili."

Glavu akacheka, kicheko cha mtu anayemrekebisha mtoto. "Hapa si gereji nyingine. Ningetaka ugumu ningesema ongeza. Tangu lini kwa baba yako kaza ikawa kitu kingine? Nimefagia sakafu hii mpaka mgongo ukapinda kwa ajili ya neno hilo. Mtu aniambie kaza, hata nikiwa usingizini mkono unakwenda kwenye spana."

Mlango ulifunguka.

Wifi hakupiga kelele. Alitembea mpaka dirishani, akainama, uso wake ukawa karibu na wa mume wake.

"Rudia," alisema.

Glavu alimtazama mkewe, akamtazama Dada Fundi, akarudi kwa mkewe. Msomaji, umewahi kumwona mtu akipiga hesabu na hesabu inagoma? Ndivyo alivyokuwa.

"Hayo ni maneno ya kazi, mke wangu. Hayakuhusu."

"Hata ukiwa usingizini mkono unakwenda kwenye spana," alisema wifi. "Siku ile ulikuwa macho."

"Vaa helmeti, tunachelewa."

"Miaka mitatu nimelala nikiomba msamaha kwa ukuta. Ulikuwa unanisikia. Ulikuwa umelala pale pale pembeni, unanisikia."

"Kamati imeshafunga," alisema Glavu, na sauti yake sasa haikuwa na mluzi ndani yake. "Nendeni mkawaambie. Mmoja dada wa marehemu, mmoja mke niliyemchosha. Mtasikilizwa na nani? Dada, kaza bolti. Nina mbio mchana."

"Nakaza," alisema Dada Fundi.

Na alikusudia kukaza kweli. Hamu ya kumwona mtu huyu ndani ya korongo ilikuwa imemtoka ghafla, akashangaa mwenyewe. Korongo ni dakika moja. Alitaka kitu kirefu zaidi.

Aliteremka shimoni. Haikupita muda, viatu vya Glavu vikaonekana kwenye ngazi.

"Nakuja kuangalia."

"Karibu."

Alikaza bolti ya nyuma kushoto mbele ya macho yake, mpaka spana ikagoma. Akakaza ya kulia. Glavu hakuridhika. Akavua glavu, kwa mara ya kwanza mbele za watu, akagusa kila bolti ya nyuma kwa vidole vyake vyenyewe. Vidole vilikuwa vyeupe na laini kama vya mtoto mchanga. Akaomba tochi, akamulika, akagusa tena.

"Zote ziko sawa," alisema, lakini alisema kama anauliza.

"Mimi nimesema haziko sawa?"

"Umefanya nini kingine?"

"Wewe ni fundi. Tafuta."

Walikaa humo muda mrefu wakibishana, yeye akitafuta, Dada Fundi akimshikia tochi kwa adabu zote. Alipotoka shimoni, bingwa alikuwa amelowa mgongo mzima.

"Kama kazi yako ni safi," alisema, "panda na mimi mpaka mlimani."

Alitegemea akatae. Fundi anayekataa kupanda gari alilolitengeneza mwenyewe amejihukumu. Dada Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akafungua mlango wa pembeni, akaketi, akavuta mkanda.

"Twende," alisema.

Hapo ndipo wifi, aliyekuwa amesimama mbele ya gari kimya muda wote ule, alipokuja mbio dirishani. Uso ulikuwa umembadilika.

"Wifi, shuka."

"Niache nikafurahi kidogo."

"Shuka, nakuomba. Panda gari jingine, tutakwenda wote. Usipande hili."

"Nimelikaza mwenyewe. Usiogope."

"Wifi, nisikilize, hujui..."

Glavu alibonyeza, vioo vikapanda, na kiatu chekundu kikatoka getini kwa mngurumo. Kwenye kioo cha pembeni Dada Fundi alimwona wifi yake akikimbia nyuma ya gari katikati ya barabara, mkono juu. Alidhani ni mapenzi, na moyo ukamlainika: wamepatana sasa hivi, tayari anamhofia.

Na safari ikawa tamu, tusifiche. Bingwa wa mlimani aliendesha kama bibi harusi anayeogopa kuchafua gauni. Kila kona alipunguza. Baiskeli ilimpita. Pikapu iliyobeba magodoro ikampita, na aliyelala juu ya magodoro akampungia. Barabara ilipoanza kupanda, jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni.

Dada Fundi alikuwa amegundua mchezo. Kila gari liliporuka tuta, aliinamisha sikio na kusema, "Mmh."

"Nini?"

"Hakuna."

Tuta lingine. "Mmh."

"Nini, dada? Sema."

"Nimesema kitu?"

Hiki ndicho alichokitaka. Mtu huyu aishi. Ashinde hata mbio, akipenda. Lakini asikae tena kwenye kiti kile bila kusikia bolti ambayo haipo. Alale akisikiliza, kama alivyomlaza mkewe akiomba msamaha.

Walifika kileleni, barabara ikapinduka, wakaanza kuteremka upande wa pili kuelekea uwanja wa mashindano. Gari likapata kasi lenyewe. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine hewa tupu. Kukawa na kibonde kidogo, cha kawaida tu.

Ngo.

Dada Fundi alikuwa tayari amefungua mdomo kwa ajili ya "mmh" yake. Haikutoka.

Haikutoka nyuma sauti ile. Ilitoka mbele, chini ya miguu yake, pale zinapokaa bolti mbili zinazoshika shokapu na kitovu cha gurudumu. Hizo alizikaza asubuhi na mapema, kabla ya kitu kingine chochote. Mkono wake haujaanza kusahau kazi yake.

Ngo, ngo.

Ndipo akaelewa. Wakati yeye na Glavu wako shimoni wanabishana kuhusu bolti za nyuma, wifi alikuwa juu peke yake na gurudumu la mbele, na spana zote za gereji zilikuwa mezani karibu naye. Mwanamke aliyeolewa na mafundi wawili anajua upande wa kulegeza. Alimlegezea mumewe. Kisha akamwona wifi yake anafungua mlango na kuketi.

"Umefanya nini?" Glavu alisema. Usukani ulikuwa unamtetemekea mikononi. "Umenifanyia nini, dada?"

Sentensi moja tu ingemtoa Dada Fundi kwenye lawama: si mimi, ni mke wako. Ilikuwa kweli, na ilikuwa karibu na ulimi. Lakini mwanamke yule alishabebeshwa maiti moja isiyo yake, na Dada Fundi hakuwa tayari kumpa Glavu ya pili.

"Ni mimi," alisema.

Mguu wa Glavu uliruka kwenda kwenye breki.

"Usiiguse," alisema Dada Fundi, na sauti yake ilikuwa tulivu mno hata yeye ikamtisha. "Ukiikanyaga, gurudumu linakwenda kivyake na sisi tunakwenda kivyetu. Gari hili linasimamishwa kwa gia, tena kwa kufuatana, na ninayejua ni kona ipi ya kushushia gia ni mimi. Mteremko huu baba alinipitisha tangu utotoni. Wewe ulikuwa gereji unafagia."

"Niambie basi. Niambie nifanye nini."

"Weka gia ya tatu."

Aliweka. Gari liliunguruma, likapungua kidogo. Mteremko haukupungua.

"Sasa?"

"Sasa unanidai gia ya pili," alisema Dada Fundi, "na mimi nakudai kaka yangu. Mke wako alikuja mbio akakwambia kaza nyuma. Ulikuwa na spana mkononi. Endelea kuanzia hapo."

Ngo, ngo, ngo, ilisema bolti ya mbele.

Glavu alitazama kona iliyokuwa inakuja, akalamba midomo, akaanza kusema.